Taa ya Mfereji wa Bati

Hapo zamani, na asiniulize mtu zamani gani, maana umeme ulikuwa umeshafika Korogwe na ulikuwa umeshajifunza kukatika, paliishi mtu aliyeitwa Semboja. Kaeni vizuri. Anayetaka kunywa maji akanywe sasa, kwa sababu mwisho nitauliza swali, na atakayeniambia "pale katikati sikusikia" nitajua alikuwa amesinzia.

Semboja alikuwa fundi wa mashine katika shamba la mkonge. Mchana alikuwa fundi, jioni alikuwa mfalme. Kwenye klabu ya wafanyakazi palikuwa na meza moja ya pool, na juu ya meza ile hakuna aliyemfunga. Walikuja makarani, akawafunga. Walikuja madereva wa malori, akawafunga. Akaja Mwalimu Hiza, mwalimu wa hesabu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akafungwa miaka kumi na tisa mfululizo na bado akawa anarudi, kwani mwalimu wa hesabu huamini kwamba lazima siku moja mambo yatasawazika.

Siku Semboja alipostaafu, wenzake walimpa zawadi ya fimbo ya kuchezea pool. Mninga mtupu, kipande kimoja kutoka ncha hadi kitako, haina kiungo wala ufa. Akaiweka chini ya godoro. Mkewe, Bi Tunu, alilala juu ya fimbo ile miaka minne na hakulalamika kwa maneno, ila kila asubuhi alijishika kiuno na kuhakikisha Semboja ameona.

Kisha kiharusi kikamwangusha Semboja. Miezi miwili alilala hospitali, na alipotoka mguu ulikuwa unachechemea na mkono wa kulia unaning'inia. Bibi wa mazoezi pale hospitali alimwambia, "Baba, mkono huu haujafa. Umelala. Lakini usipoutumia, utasahau kazi yake, na ukishasahau sina dawa." Akampa mpira mdogo wa kubonyeza. Semboja akaubonyeza mara mbili, akasema yeye si mtoto mchanga, akautupa dirishani. Mbwa wa jirani akauokota, akautafuna asubuhi na jioni, na nasikia mbwa yule alipata taya la ajabu.

Semboja akakaa kitini. Akiambiwa "inuka kidogo," anasema kesho. Ikifika kesho anasema mkono umekufa, mwacheni marehemu apumzike. Mtu aliyekuwa akifungua mashine nzima na kuifunga kabla ya chakula cha mchana sasa alikuwa analishwa uji, na aliyekuwa akimlisha alikuwa akimaliza anakwenda jikoni kulia. Nasema wazi kwa sababu Bi Tunu mwenyewe hakusema. Alikuwa anaogopa kwamba mumewe atakaa kitini pale mpaka siku ya kubebwa.

Basi baa moja ya mjini ikafungwa na vitu vyake vikauzwa. Bi Tunu, ambaye tangu azaliwe akikaribia baa huvuka barabara, akajifunika kanga mpaka machoni, akaingia, akauliza, "Hiyo meza yenye mashimo mnaiuzaje?" Akailipia kwa akiba yake ya vikoba. Ikaletwa kwa mkokoteni, watu wanne wakisukuma, yeye mbele anaonyesha njia, na kabla haijafika nyumbani mji mzima ulikuwa unajua kwamba Bi Tunu anafungua baa.

Semboja alipoiona meza ikiingia mlangoni aliinuka. Hakuambiwa. Akachechemea, akaweka kiganja juu ya kile kitambaa cha kijani, akalia. Alilia kweli, na wewe unayetabasamu hapo ungelia.

Sasa sikilizeni kosa lilivyoanza. Balbu ya sebuleni ilikuwa moja, katikati ya dari. Meza ilitakiwa ikae chini yake. Lakini katikati ya sebule palikuwa na masofa, na juu ya masofa palikuwa na vitambaa. Vitambaa mnavijua. Bi Tunu alikuwa hodari wa kufuma, na nyumbani kwake hakuna kitu kilichokaa bila nguo. Sofa lina kitambaa, redio ina kitambaa, friji lina kitambaa, mtungi wa gesi una kofia yenye mauaridi.

"Masofa hayasogei," akasema Bi Tunu. "Wageni wakija wakae wapi, juu ya mipira?"

Kwa hiyo meza ikasukumwa pembeni, dirishani. Na dirisha lile lilikuwa halioni kitu, kwani Mwalimu Hiza alikuwa amejenga ukuta wake hatua moja kutoka hapo. Saa sita mchana ilikuwa lazima uwashe taa. Na taa ndiyo ile moja, ya katikati ya dari, mgongoni kwa mchezaji.

Semboja akainama. Akapiga. Akakosa. Akautazama mkono wake, akasema, "Ni mkono." Akarudi kitini.

Siku ya pili akainama. Akapiga. Akakosa. Akasema, "Ni mkono." Akarudi kitini.

Siku ya tatu, siku ya Jumamosi, alikosa mpira uliokuwa umekaa mdomoni kabisa mwa shimo, mpira ambao hata kuku angeuingiza kwa kupita tu karibu yake. Hapo hakurudi kitini. Aliwaita watu watatu. Alimwita mkewe. Alimwita Mwalimu Hiza. Na alimwita shemeji yake Kibwana, mdogo wake Bi Tunu, mfuga kuku ambaye pia alikuwa fundi umeme. Hakuna aliyemfundisha Kibwana umeme. Alijifunza kwa kupigwa nao.

Semboja akasema, "Nawapa mpaka Ijumaa. Ijumaa baada ya swala nitacheza mchezo mmoja na Hiza. Nisipouingiza mpira mweusi, ule wa kumalizia mchezo, wekeni mbao juu ya meza hii, mlie pilau, na asiniambie mtu tena inuka. Nimechoka kuambiwa inuka."

Mwalimu Hiza akauliza, "Na ukiuingiza?"

"Nikiuingiza, fimbo yangu ya mninga nampa yule aliyenirudishia mkono. Wallahi, nampa."

Mwalimu Hiza akameza mate. Mwenye fimbo ile alikuwa amemfunga miaka kumi na tisa, na fimbo yenyewe alikuwa akiiona ndotoni.

Siku ile ile Mwalimu akaanza kazi. Akachukua fimbo, akapiga kutoka pale pale aliposimama Semboja. Akakosa. Akampa Kibwana. Kibwana akapiga, akakosa. Bi Tunu naye akapewa, akapiga, mpira ukaruka mezani ukavunja kikombe, lakini huyo tusimhesabu.

"Je, sote tumepatwa na kiharusi?" Mwalimu akauliza.

Akatoa rula mfukoni. Akatoa na uzi, kwa sababu mwalimu wa hesabu hata akistaafu mifuko yake haistaafu. Akapiga magoti, jicho likawa usawa wa meza, akatazama kwa muda mrefu mpaka Kibwana akadhani anaswali. Kisha akainuka.

"Semboja, njoo uone. Taa iko nyuma yako. Ukiinama, kichwa chako kinaufunika mpira kwa kivuli. Na kila mpira humu una mkia mweusi. Jicho lako linahesabu mpira pamoja na mkia wake, halafu linalenga katikati ya vyote viwili. Mkono wako unapiga pale pale jicho linapouambia. Jicho ndilo linaloambiwa uongo."

"Ni mkono," akasema Semboja, ila safari hii alisema polepole.

Mwalimu akaeleza taa inayotakiwa. Iwe ndefu, ilale juu ya meza kutoka kichwani mpaka miguuni, ili mwanga ushuke kila upande na mpira usipate mkia. Iwe na balbu tatu. Ining'inie usawa wa kidevu cha mtu aliyesimama. Ikipanda juu, mikia inarudi. Ikishuka chini, itawagonga watu vichwa wakiinama.

Kesho yake Kibwana akapanda basi kwenda Tanga, akaingia dukani, akaiona taa yenyewe. Ilikuwa na vibakuli vitatu vya kijani na mnyororo wa shaba. Akauliza bei. Akarudi Korogwe akiwa mpole sana.

"Bei yake ni mbuzi wawili, shemeji," akasema, "na zizi lao."

"Nyumba hii imeshanunua meza," akasema Bi Tunu. "Mbuzi haina, na zizi haina."

"Usihuzunike, dada. Ninayo taa nyumbani. Bure kabisa."

Jumatatu Kibwana akaleta taa yake. Ilikuwa taa ya kulelea vifaranga. Mnazijua zile balbu nyekundu za kuwapa joto? Akazifunga tatu, kwa mstari, kama Mwalimu alivyoagiza. Akawasha. Sebule nzima ikawa nyekundu. Mipira myekundu ikawa myekundu, ya njano ikawa myekundu, na ule mweupe wa kupigia nao ukawa mwekundu. Semboja akalenga mpira wake, akaingiza wa Hiza. Hiza akachukua mpira mwekundu akidhani ndio mweupe, akapigia huo, akasifiwa na Kibwana. Jasho likawatoka wote. Mlango ulikuwa wazi, na tetea mmoja akaingia kutoka uani, akakaa chini ya meza, akafumba macho kwa raha.

"Ni mkono," akasema Semboja. Akarudi kitini.

Kibwana aliona haya. Alikwenda kwake hakula. Akakaa kibarazani akitafuta kitu kirefu, chepesi, kilichokunjwa kama hori, ambacho hakinunuliwi. Akatazama huku, akatazama kule. Akatazama juu. Pembeni mwa paa la nyumba yake palikuwa na mfereji wa bati wa kukingia mvua.

Jumanne akaung'oa. Akakata kipande cha urefu wa meza, akakigeuza kifudifudi, akakipaka rangi nyeupe kwa ndani. Akafunga balbu tatu ndogo, zile zisizokula umeme mwingi wala kupata moto, ndizo pekee alizonunua. Akatafuta na mnyororo wa baiskeli wa kuuning'inizia. Na jioni ile ile mvua ya masika ikafika, mapema kuliko kawaida, ikaukuta ule upande wa paa hauna mfereji. Maji yakateremka ukutani, yakaingia dirishani, yakafika kitandani. Mke wa Kibwana hakupiga kelele. Alikunja godoro, akajitwika, akaenda kwa mama yake. Kibwana alilala juu ya magunia ya chakula cha kuku.

Jumatano wakaining'iniza taa ya mfereji sebuleni kwa Semboja, usawa wa kidevu, wakaiwasha. Jamani! Mikia haikuonekana. Mwalimu akapiga magoti tena, akatoa rula, akatafuta mkia mmoja tu wa kusahihisha, akaukosa. Semboja akainuka kitini. Akachukua fimbo. Lakini kabla hajafika mezani, Bi Tunu akatoka jikoni, akaona mfereji wa mvua unaning'inia sebuleni kwake, mtupu, mbele ya watu.

"Kwangu hapakai kitu uchi," akasema.

Akaleta kitambaa chake kilichoshinda vyote, chenye tausi wawili na pindo la nyuzi, akauvisha mfereji kuanzia juu mpaka chini ya balbu. Akarudi nyuma, akakitazama, akafurahi.

Na tausi nao wakatua mezani. Mmoja alisimama vizuri, wa pili alikaa kichwa chini. Mikia yao, ambayo ilikuwa mirefu kuliko mikia yote aliyoipima Mwalimu, ikatanda kutoka shimo hadi shimo. Semboja akainama, akauona mpira mweusi, akalenga kwa uangalifu wote aliopewa na Mungu, akapiga. Hakukuwa na mpira pale. Lilikuwa jicho la tausi.

"Ni mkono," akasema. Akarudi kitini.

Hapo pakawa na maneno. Mwalimu alisema sebule si kabati la vyombo. Kibwana alisema amelala juu ya pumba kwa ajili ya taa ile na hakulala kwa ajili ya ndege. Bi Tunu alisema kitambaa hakitoki. Wakabishana mpaka alasiri, kitambaa kikatoka, na Bi Tunu akajifungia chumbani.

Alhamisi wakaiwasha tena, bila nguo. Semboja akainama. Akapiga yowe. Balbu zilikuwa usawa wa kidevu, na mtu akiinama akainua jicho kulenga, zinamchoma. Jicho la kulia la Semboja tangu kiharusi lilikuwa halivumilii mwanga mkali, likamwaga machozi kama limepigwa na moshi wa kuni. Kibwana akaziba kwa gazeti, kukawa giza. Akaziba kwa mfuko wa plastiki, mwanga ukawa wa samawati na Semboja akawa na sura ya maiti. Mwalimu akapiga hesabu ukurasa mzima, akaupindua, akaendelea nyuma.

Semboja akaweka fimbo mezani. Akarudi kitini. Safari hii hakusema hata kwamba ni mkono.

Bi Tunu alikuwa amesimama mlangoni, na kunyamaza kule kulimtisha kuliko kelele zote za wiki. Akaingia chumbani, akafungua sanduku lake, akatoa shuka.

Niwaambie habari ya shuka hii. Aliifuma hospitali, ile miezi miwili, amekaa kwenye benchi karibu na kitanda cha mumewe aliyekuwa hawezi kusema. Haikuwa na ua, haikuwa na ndege, kwa sababu mapambo yanataka kuhesabu na yeye kichwani hakuwa na hesabu. Alifunga tundu kwa tundu, nyeupe tupu, karibu karibu, na kila tundu alilifunga akiwa na hofu. Alidhani shuka ile itafunika jeneza. Hakumwambia mtu yeyote, na alipotoka na mumewe mzima aliificha chini kabisa ya sanduku ili asiione.

Siku ile aliitoa, akachukua mkasi, akaikata kwa urefu. Akaipinda kingo. Akamwita mdogo wake.

"Kibwana, funga hii chini ya mfereji. Ivute mpaka ikaze."

"Dada, jana tausi..."

"Nimesema funga."

Kibwana akafunga. Wakawasha. Mwanga ukapita katika shuka, ukashuka mezani mweupe, mtulivu, sawasawa kila mahali. Hapakuwa na mkia. Hapakuwa na ndege. Semboja alitazama juu moja kwa moja, na jicho lake la kulia likakaa kavu.

Ijumaa baada ya swala mchezo ukachezwa. Hiza alivaa shati la pasi. Alicheza kwa nguvu zake zote, na Semboja alicheza taratibu, akizunguka meza kwa kuchechemea, akipumzika, akiinama tena. Mpira ukaingia, mwingine ukakosa, mwingine ukaingia. Hiza akamaliza mipira yake kwanza. Kwake ulibaki mweusi tu, na mweusi ulikuwa karibu na shimo. Hiza akalenga, akapiga, mweusi ukagonga ukingo wa shimo ukarudi nyuma.

"Umemwachia!" Kibwana akapiga kelele.

Hiza alikasirika mpaka miwani ikamteleza. "Miaka kumi na tisa nimekosa bila kukusudia, leo nianze kukusudia?"

Semboja naye akamaliza yake. Ukabaki mweusi, mbali, upande wa pili wa meza. Akainama. Vidole vya mkono wa kulia vikajikunja kwenye mninga, kimoja kimoja. Bi Tunu akaziba macho kwa upande wa kanga. Semboja akapiga. Mweusi ukatembea meza nzima bila haraka, ukafika shimoni, ukaingia.

Kisha Semboja akasema, "Haukuwa mkono." Akarudia. "Jamani, haukuwa mkono." Na mzee mzima akakaa juu ya meza akacheka huku analia, na hao wengine watatu hivyo hivyo.

Sasa njooni kwenye kesi, maana machozi yalipokauka kila mmoja alikumbuka fimbo.

Mwalimu Hiza akatangulia. "Fimbo ni yangu. Nyote mliamini ni mkono. Mke aliamini, shemeji aliamini, mgonjwa mwenyewe aliamini. Mimi peke yangu ndiye niliyepiga magoti nikaona ni kivuli. Nisingeona, mngekuwa mnaukanda mkono mafuta ya nazi mpaka leo."

Kibwana akajibu, "Mwalimu, giza la humu limetoka wapi? Si ukuta wako uliouziba dirisha? Umeleta giza, halafu unataka zawadi kwa kugundua kwamba kuna giza! Fimbo ni yangu. Maneno yako yalikuwa hewani, mimi nikayapa bati na waya. Nimeng'oa mfereji wa nyumba yangu. Nimelala juu ya pumba. Mke wangu mpaka sasa yuko kwa mama yake. Nani humu amelowa kwa ajili ya mkono huu?"

Bi Tunu akasema, "Mdogo wangu, uliyeleta taa ya vifaranga ni nani? Ulitaka kumwangua shemeji yako? Fimbo ni yangu. Meza niliileta mimi, nikaitwa mwenye baa. Na mfereji wako ulikuwa unamchoma macho. Alikuwa ameshakaa kitini, amenyamaza, mmesahau? Ni shuka yangu iliyomwinua. Nyinyi mmetoa akili na bati. Mimi nimekata kitu ambacho sitakifuma tena, na sitaki kukifuma tena."

"Shemeji," akasema Mwalimu Hiza kwa heshima, "kama ungesogeza masofa nusu hatua, sote tungepumzika. Na tausi je? Tena, ukipewa wewe, fimbo itakuwa imetoka wapi ikaenda wapi? Itarudi chini ya godoro lile lile. Hiyo si zawadi, hiyo ni kupanga vyombo."

"Na ukipewa wewe itafanya nini?" Bi Tunu akamgeukia. "Utaitundika ukutani uitazame. Ikibaki humu ndani, ataishika kila siku. Mimi sitaki fimbo, Mwalimu. Mimi nataka ashike."

"Kwa hiyo huitaki," Kibwana akadaka. "Dada kasema mwenyewe haitaki!"

Wakaanza upya, wote kwa pamoja, na yule tetea wa Jumatatu akakimbia.

Semboja akagonga sakafu kwa kitako cha fimbo. Akasema, "Niliapa, na kiapo changu sikirudishi. Nilisema nitampa aliyenirudishia mkono. Yuko mmoja. Ajitokeze, nampa sasa hivi."

Akaunyoosha mkono wa kulia, na fimbo ndani yake. Kisha akataka kulegeza vidole, ili atakayepokea apokee. Vidole havikulegea. Akavitazama. Akajaribu tena. Vidole vile vilivyolala miezi yote ile vilikuwa vimeishika fimbo na havikutaka kuiachia. Bi Tunu akaona. Kibwana akaona. Mwalimu Hiza akaona, akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Nisaidieni basi," akasema Semboja. "Atakayekuwa mwenyewe, aje anifungue vidole."

Hakuna aliyesogea.

Mimi mume wangu anasema ni Mwalimu, kwa sababu bila kujua ugonjwa huwezi kutibu. Nina jibu langu mimi, na kwa ajili ya jibu hilo tumelala mzungu wa nne siku tatu, yeye kichwa huku, mimi kichwa kule. Sisemi ni nani. Lakini Semboja bado amesimama pale chini ya taa ya mfereji, mkono umenyooka, kiapo kinamngoja, na mmoja wao lazima amwendee avifungue vile vidole kimoja kimoja.

Semeni nyinyi, na msitazamane. Ni aliyekiona kivuli, ni aliyeng'oa mfereji, au ni aliyekata shuka? Je, nani alistahili? Na huyo mliyemchagua, mngemwambia aichukue?